Dirisha la Ambakisye

Mbozi Mission,
11 Februari 2024

Mwanangu Ketrina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yananiamuru badala ya mimi kuyaamuru. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yametoa mbelewele, na mibuni imebeba hadi matawi yanainama. Wifi yako Enesi anakusalimu, bado anafundisha, na jioni akirudi ndiye anayenipikia kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake wa mwisho. Irene hajambo? Mwambie bibi yake wa Mbozi anamwekea njugu.

Nimekupigia simu mara nyingi tangu Krismasi. Inaita mpaka inachoka. Siku moja ulipokea ukasema, "Shangazi, mtandao mbaya," ukakata, nami nilikuwa nakusikia kana kwamba umekaa jikoni kwangu. Sikulaumu. Mtu aliyefiwa ana haki ya kuchoka na sauti za watu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi inaweza kukaa mezani ikakungojea. Barua hii anakuletea Mama Lusungu, anayekuja huko kuuza maharage.

Yeye Mama Lusungu ndiye aliyenipa habari iliyoniondolea usingizi. Anasema wazee wa kanisa lenu wanataka kuziba lile dirisha nyuma ya meza ya Bwana, wajenge ukuta, waweke skrini kubwa na taa za rangi. Nikamwambia, "Umesikia vibaya. Lile ni dirisha la Ambakisye. Mke wake yupo palepale, hawezi kukubali." Akaomba maji ya kunywa.

Ketrina, mimi sijawahi kuliona dirisha lile likiwa na jua. Siku ya kuliweka wakfu nilikuwa nimelala na homa. Siku ya mazishi ilikuwa alasiri na mvua inanyesha, vioo vyote vilikuwa vimefifia kama taa za gari lililozimwa. Lakini nilikuwepo lilipoanza. Mume wako alikuja hapa kuniletea sukari, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Shangazi, kwa nini makanisa ya zamani yanatazama mashariki?"

Nikamwambia jinsi marehemu mjomba wako, mwinjilisti, alivyonifundisha. Mlango uko magharibi, jua linakozama. Unaingia ukitokea huko, ukiwa na uchovu wako na dhambi zako. Meza iko mashariki, jua linakotokea, kwa sababu Bwana alifufuka alfajiri. Ukitembea kuiendea meza, mwanga unakupiga usoni na kivuli chako kinabaki nyuma yako. Hukiachi kwa nguvu zako. Kinabaki tu, kwa kuwa umeelekea kule nuru iliko.

Kisha akasema, "Kanisa letu upande wa mashariki lina ukuta mtupu. Nitalitoboa." Na wewe unajua alivyolitoboa, kwa chuma alichochomelea mwenyewe na vioo vya taa za nyuma na indiketa za malori yaliyopata ajali. Nilicheka aliponieleza. Akasema, "Shangazi, vioo hivyo vilikuwa vinawaambia watu wasimame. Acha viendelee."

Waambie wazee waliache. Nami nataka kuja nilione asubuhi. Usishangae mistari yangu kupanda na kushuka, mkono umezeeka.

Shangazi yako,
Roda


Tunduma,
9 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata siku ileile aliyofika Mama Lusungu. Nisamehe kuchelewa, biashara ilikuwa imebana. Vitenge vinatoka kidogo, wateja wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanaponiita "bamayo", yaani mama, kwa sauti tamu najua wanataka nipunguze bei. Foleni ya malori imefika mbali, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Irene hajambo. Ameanza darasa la awali, anajua kuandika jina lake, ila herufi R anaigeuza. Njugu ameshazila kwa mawazo.

Habari ya dirisha ni kweli. Ni mambo ya wazee wa kanisa na Mchungaji Amoni, mimi simo katika baraza. Wanasema vijana wanahamia makanisa yenye muziki na skrini, na asubuhi jua likipiga pale mbele maneno ya nyimbo hayatasomeka ukutani. Ni sababu ya maana. Kanisa ni la watu wote, haliwezi kuwa la fundi mmoja.

Kuhusu kuja, subiri kwanza. Mvua bado, na magoti yako unayajua. Nitakuja mimi nikipata nafasi.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa, Shangazi. Neno moja linachukua nusu ya mstari. Kalamu imeharibika?

Mwanao,
Ketrina


Mbozi Mission,
4 Aprili 2024

Mwanangu Ketrina,

Amani iwe kwako na kwa Irene. Pasaka imepita salama. Enesi alichinja jogoo yule mwenye fujo, na nyama yake imekuwa ngumu kama tabia yake.

Jumapili ya Pasaka tulikwenda makaburini kungali giza, kama desturi yetu. Unakumbuka ulipokuwa mdogo nilikuwa nakubeba mgongoni, umelala, na tarumbeta zikilia unashtuka na kunivuta masikio. Safari hii Enesi alinishika mkono njia nzima, kwa sababu ya umande. Tulisimama kati ya makaburi, tukaimba, na kukaanza kupambazuka upande wa mashariki. Nilisikia watu wakisema, "Hilo, hilo linatoka." Nikawaza juu ya wale akina mama waliokwenda kaburini asubuhi ile ya kwanza. Tunawasifu kana kwamba walikwenda kwa imani. Hawakwenda na imani. Walikwenda kupaka maiti mafuta. Nuru iliwakuta wakiwa katika kazi ya msiba.

Kisha nikampigia simu Mchungaji Amoni. Nilitaka kumsihi. Ni kijana mwenye adabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mama Roda, mimi nilikuwa sitaki liguswe. Wazee walikuwa wameshaiacha habari ya skrini. Aliyekuja kuniomba lizibwe ni Ketrina. Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alipiga magoti."

Ketrina. Kumbe ni wewe.

Sikuelewi, mwanangu. Wake za watu wanatunza shati la marehemu, wewe umeachiwa nuru. Kila asubuhi kazi ya mikono yake inahubiri bila kusema, na wewe unaomba izimwe? Mimi ndiye niliyempa lile wazo, kwa hiyo naliona kama mtoto wangu pia. Niambie sababu. Nipe sababu moja, nami nitanyamaza.

Shangazi yako,
Roda


Tunduma,
26 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima.

Umetaka sababu. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana, leo siichani.

Unajua jinsi baba Irene alivyokufa. Walimletea lile tenki la mafuta wakasema limeoshwa, ni kavu, lina ufa mdogo tu wa kuziba. Akaweka moto, likalipuka. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba Irene alikuwa kwa jirani anayepakana na karakana, anacheza nje na watoto wa pale. Sisi wakubwa tulikuta moshi, maji, watu. Yeye ndiye aliyeona.

Hakusema kitu. Hakulia hata siku ya mazishi, ulimwona. Watu wakasema mtoto mdogo hajui, atasahau. Nikawaamini.

Jumapili moja kabla ya Krismasi, ibada ya kwanza, tulikaa mahali petu upande wa wanawake. Ng'ambo yetu, upande wa wanaume, ni lile benchi la pili, mwisho kabisa pembeni ya njia, alipokuwa anakaa yeye. Tangu afe hakuna mtu anayekaa pale. Hakuna aliyekataza, ni heshima tu, watu wanasogea wanaacha nafasi. Basi jua likapanda. Wewe hujaliona, ngoja nikueleze. Vile vioo vya malori ni vyekundu na vya rangi ya chungwa. Jua likiingia, mwanga hauji mweupe kama unavyofundisha. Unakuja mwekundu, unatikisika kwa sababu ya matawi ya mti ulio nje, na unashuka mpaka unafika kwenye benchi lile, pale penye nafasi. Unakaa pale.

Irene akasimama juu ya benchi. Akanyoosha kidole. Kanisa limetulia, Mchungaji anaomba, na mwanangu akasema kwa sauti, "Mama, baba anawaka tena."

Hakuna aliyegeuka. Nadhani waliogopa kuniangalia. Nilimbeba nikatoka naye, akawa anatapika njiani. Tangu siku hiyo akiona jua limepiga ukuta wa nyumbani jioni anakuja kujificha kwenye gauni langu. Usiku halali bila kunishika sikio.

Sasa niambie habari ya kivuli kubaki nyuma.

Na wale akina mama wa kaburini, Shangazi, usinifananishe nao. Wao walikuwa na maiti ya kupaka mafuta. Mimi jeneza halikufunguliwa. Waliniambia, "Mama Irene, mkumbuke alivyokuwa." Nikitaka kumkumbuka alivyokuwa, najiona nimesimama mbele ya mbao zilizopigwa msumari.

Mafundi watakuja baada ya mavuno, labda Septemba. Nimeomba, nimekubaliwa, sitaki kubishana. Usinifundishe tena habari ya nuru. Wewe unaipenda kwa sababu haijakuchomea kitu.

Ketrina


Mbozi Mission,
14 Julai 2024

Mwanangu Ketrina,

Utaona kwamba hii siyo hati yangu. Anayeandika ni Enesi, mimi nimekaa karibu naye naota jua. Nimemwapisha aandike ninavyosema bila kupamba. Anacheka, lakini amekubali.

Kwanza, nisamehe. Barua yako alinisomea mara moja tu, nikamwambia aikunje. Nilikuuliza swali kama mwalimu, kumbe nauliza jeraha. Kama ningejua habari ya mtoto nisingeandika hata mstari mmoja. Nimemwombea Irene kila siku, na sitasema neno lolote kumtetea Mungu wala dirisha.

Pili, nikueleze habari yangu, kwa sababu uliniuliza kuhusu mwandiko nami nikajificha. Macho yangu yanakwenda, mwanangu. Ni presha ya macho. Daktari aliyenipima alisema ugonjwa huu hauumi, unaiba pembeni taratibu, na mwenye macho anadhani ni uzee. Jicho la kushoto lilikufa mwaka jana, wala sikumwambia mtu. La kulia limebakiza kijitundu, kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Nikielekeza vizuri naona mkono wangu. Nikitikisika kidogo, mkono unapotea. Asubuhi ile ya Pasaka makaburini sikuona jua likitoka. Niliambiwa na watu, nikaandika kana kwamba nimeliona.

Kwa hiyo nina ombi, na una ruhusa ya kulikataa. Umesema mafundi ni Septemba. Mimi nataka kuja Agosti, tukishamaliza kuanika kahawa. Hutahitaji kuingia nami. Unifikishe mlangoni tu, siku ambayo siyo ya ibada, uniweke kwenye njia ya katikati, niende mwenyewe mpaka mbele. Nataka kijitundu hiki kilichobaki kione kile alichokifanya Ambakisye kwa neno nililompa. Kisha wajenge ukuta wao, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia ulifanya sawa.

Nalitunza hili jicho. Mchana nalifunga na kitambaa lisichoke. Enesi ananiambia hilo halisaidii kitu, lakini mimi nafunga tu.

Shangazi yako,
Roda (kwa mkono wa Enesi)


Tunduma,
1 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Irene anakusalimu, amejifunza kuiandika ile R vizuri.

Njoo. Nitakungoja stendi, na tutakwenda asubuhi utakayotaka. Mwambie Enesi akupandishe kwenye basi la mapema na amwachie kondakta namba yangu. Nitapokea simu.

Sikujua habari ya macho. Laiti ungeniambia.

Ketrina


Mbozi Mission,
8 Septemba 2024

Mwanangu Ketrina,

Nimefika salama, na nimepumzika. Enesi anaandika tena. Amekasirika kwa sababu nimesema nitamfanya alie, naye amesema yeye ni mwalimu wa darasa la saba, halii ovyo. Asante kwa kitenge. Wananiambia kina ndege wa bluu. Asante kwa Irene pia, aliyenishika kidole kila mahali akinionya, "Bibi, hapa kuna jiwe," hata pasipo na jiwe.

Nimengoja kidogo kabla ya kuandika kwa kuwa nilitaka kuyasema haya bila kukuumiza. Sijapata namna. Nitasema tu.

Jumamosi ile asubuhi ulinishika mkono tukatembea. Tulipofika mlangoni nilikuambia uniache nikaingie mwenyewe, ukakataa, ukasema, "Tutaingia wote." Tukaingia. Nilihesabu mabenchi kwa mkono mpaka tukafika mbele, ukanikalisha.

Nikakuuliza, "Jua limeshapanda?"

Ukasema, "Limepanda, Shangazi."

"Na mwanga umefika wapi?"

"Umeshuka ukutani. Umefika sakafuni."

"Niambie ulivyo, maana kijitundu changu leo kinasumbua."

Ndipo ukaanza kusema. Ulisema kule juu kuna kipande chekundu kilichotoka kwenye lori la Kongo, kina mstari wa ufa, na jua likipita penye ufa linachora kama uzi. Ukasema chini yake kuna vile vya rangi ya chungwa, amevipanga kama punje za hindi, na kimoja alikiweka kichwa chini kwa makusudi ili aone kama kuna mtu atakayegundua. Ukasema mwanga umepita juu ya meza, umeingia njia ya katikati, umepanda benchi la pili upande wa wanaume. Ukasema, "Pale ndipo anapokaa Ambakisye. Anakaa pembeni kwa sababu miguu yake ni mirefu, anainyoosha njiani, na mzee wa sadaka anamkanyaga kila Jumapili. Anacheka mpaka mabega yanatikisika, nami namkazia macho huku ng'ambo."

Halafu ukalia. Ulilia kama siku ile ulipopaswa kulia makaburini ukashindwa. Mimi nikakushika tu.

Mwanangu, nilikuwa najua. Nilijua kabla hatujakaa. Tulipovuka mlango nilisikia harufu ya saruji mbichi na rangi. Mle ndani mlikuwa na ubaridi kama ghala. Nilielekeza jicho langu mbele, nikalituliza kama nilivyojizoeza, na likanionyesha nilichokuwa nakitafuta. Ukuta mweupe. Niliutazama kutoka kona moja hadi nyingine. Kijitundu ni kidogo lakini ukuta kinauona.

Mchungaji Amoni aliniambia baadaye, nilipompigia, kwamba mafundi walipata nafasi wakaja Julai mwishoni, na kwamba vioo vilivunjika wakati wa kung'oa fremu. Aliniambia pia ulikuja kumwuliza kama dirisha linaweza kurudishwa, siku uliyopata barua yangu. Alikuwa anaona aibu kama vile yeye ndiye aliyekosa. Nimemwambia hakuna aliyekosa.

Unajiuliza kwa nini sikukukatiza. Ni kwa sababu tangu mazishi sikuwahi kukusikia ukilitaja jina lake. Katika barua zako ni "yeye", ni "baba Irene", na mara nyingine ni nafasi tupu kati ya maneno. Asubuhi ile ulisema, "Anakaa Ambakisye." Ulisema anakaa, anacheka, anainyoosha miguu. Ningekukatiza kwa ajili ya ukuta?

Nimefundisha akina mama maisha yangu yote kwamba nuru inaingia kanisani kutoka mashariki, inaikuta meza, kisha inatukuta sisi. Nilikuwa na mpangilio mzuri. Asubuhi ile haikuingia kutoka popote. Tulikuwa wanawake wawili tumekaa kwenye ubaridi, mmoja kipofu na mwingine akieleza kitu ambacho hakipo, na sikuwa na neno hata moja la kufundisha. Bado naamini, Ketrina. Lakini siku hizi naamini kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Sitakudanganya kwamba nimeupata.

Nikueleze na hili, ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Asubuhi ya tatu baada ya kurudi nyumbani niliamka nikamwita Enesi, nikamwambia awashe taa, bado ni usiku. Kisha akasema, "Mama, ni saa tatu. Jua limekupiga usoni." Basi, kijitundu kimefungwa. Silii sana. Ninalia kidogo wakati wa chai.

Nina ombi moja tu. Ukiniandikia tena usinipe habari za dirisha, wala za nuru, wala za kunipa pole. Nipe habari zake. Nilimjua kama mkwe anayeleta sukari. Wewe uliishi naye.

Shangazi yako,
Roda

(Wifi, ni mimi Enesi. Nimelia. Usimwambie.)


Tunduma,
17 Novemba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena kwa siku zote nilizokaa bila kuandika. Wifi Enesi, nakusalimu unaposoma hapa, soma polepole.

Irene anaendelea vizuri kidogo. Jioni hajifichi kila siku. Skrini imewekwa, na ni kweli nyimbo zinasomeka. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika katikati ya ibada. Kule mbele kukawa giza kabisa, hata Mchungaji hatukumwona, tulimsikia tu akisema tutulie. Wazee wakaenda kufungua milango mikubwa ya nyuma. Mchana ukaingia kwa nyuma yetu, mweupe, wa kawaida, na vumbi lake la Tunduma. Watu wote waligeuka. Irene aligeuka, akautazama, akasema, "Mama, kuna mbuzi mlangoni." Kulikuwa na mbuzi kweli. Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea na ibada, nikabaki nimeinama. Sijui maana yake. Umenikataza habari za nuru, nimekuandikia kwa sababu ya mbuzi.

Umeniomba habari zake. Nimekaa nazo muda mrefu nikichagua iliyo nzuri. Kuna siku aliyonitolea posa na akamsahau mshenga stendi. Kuna siku Irene alipozaliwa, akaingia wodini na ile miwani yake ya kuchomelea kichwani. Hizo nitakuandikia zote, nakuahidi. Lakini kila nikianza inakuja nyingine mbele yake, na nadhani hazitatoka mpaka hii itoke.

Asubuhi ile Ambakisye alichelewa kuamka. Alikunywa chai amesimama. Hakuna jambo lolote kubwa tuliloongea. Alitafuta kiatu kimoja, akakikuta chini ya meza, akamlaumu Irene, Irene akamlaumu paka, na sisi hatuna paka. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Keti, ukipita sokoni ninunulie ndizi mbivu. Zile ndogo." Nikamwambia sawa. Sikuinua kichwa, nilikuwa nakunja vitenge. Hatukuwa tumegombana, Shangazi, usifikiri hivyo. Ilikuwa asubuhi tu.

Mchana nilifunga mapema nikapita sokoni. Yule mama wa ndizi alikuwa na mikungu miwili, mmoja umeiva sana, mwingine bado kidogo. Nikawa nachagua. Ndipo nikasikia mlio. Nilidhani ni tairi la lori, hapa matairi yanapasuka kila siku, hata yule mama hakugeuka. Nikaendelea kuchagua. Nilitaka zisizo na madoa kwa sababu anapenda kunitania kwamba sijui kununua matunda. Nikabishana bei. Nikacheka na yule mama. Nilitembea kurudi nyumbani bila haraka.

Uani watu walikuwa wamejaa. Waliponiona, wakanipisha. Hakuna aliyeweza kuniambia, na mimi sikuuliza. Nilipita katikati yao na ule mfuko nikaingia ndani, nikaziweka ndizi mezani, nikazifunika na sahani ili nzi wasiziguse. Kisha nikatoka nje, nikawaambia, "Semeni sasa."

Watu walilala kwetu siku zile, walipika, walifagia, walihamisha vitu. Nilipokuja kuitazama meza tena, sahani ilikuwa imeoshwa na kurudishwa kabatini, na ndizi hazikuwepo. Mpaka leo sijui ni nani aliyezila.

Mwanao,
Ketrina